Kumaliza Shauri la Unyanyasaji wa Kingono Kazini Bila Kununua Kimya

Hotuba kwa waajiri, maofisa rasilimali watu na viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi, Mwanza

Mheshimiwa Mwenyekiti, waajiri wa viwanda, hoteli, shule na kampuni za usafirishaji mliofika, maofisa rasilimali watu, viongozi wa matawi, mabibi na mabwana: nawashukuru kwa kunialika, na hasa kwa kuchagua mada ambayo katika mji wetu huzungumzwa zaidi kwenye korido kuliko ukumbini.

Barua ya mwaliko ilinitaka nieleze jinsi shauri la unyanyasaji wa kingono kazini linavyoweza kumalizwa kwa makubaliano kabla halijafika kwenye hukumu. Najua pia, kwa kuwa baadhi yenu mlinipigia simu mapema, kwamba swali lililowaleta wengi ni kiasi gani kilipwe. Nitalifikia, ila nitachelewa kulifikia, kwa sababu katika mashauri ya aina hii ambayo nimeyasimamia kama wakili, mara upande wa mfanyakazi na mara upande wa mwajiri, fedha ndiyo sehemu ambayo hukubaliwa upesi kuliko zote. Kinachokwamisha mazungumzo, na kinachofanya baadhi ya makubaliano yavunjike muda mfupi baada ya kusainiwa, ni yale yanayokuja baada ya malipo: nani anabaki kwenye zamu, nani anaondoka, barua ya utumishi itasema nini, na nani anaruhusiwa kufungua kinywa. Ninachotaka kuwashawishi leo ni kwamba makubaliano yanayonunua kimya cha mlalamikaji na kuacha kila kitu kingine kama kilivyokuwa yanaliahirisha shauri tu, na mara nyingi yanalihamishia kwa mfanyakazi mwingine ambaye bado hamjamjua.

Kabla ya kukaa mezani ni lazima mjue mnasuluhisha nini, maana tendo moja linaweza kuguswa na sheria tatu kwa wakati mmoja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini, na inauhesabu unyanyasaji wa mfanyakazi kwa sababu ya jinsi au jinsia yake kuwa aina mojawapo ya ubaguzi huo. Hiyo ndiyo inayomfikisha mwajiri mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wote tunaiita CMA. Kanuni ya Adhabu, kwa mabadiliko yaliyoletwa mwaka 1998 na ile sheria ya makosa ya kujamiiana tuliyozoea kuiita SOSPA, ina kifungu cha 138D, ambacho humshughulikia mtendaji mwenyewe na kinaweza kumpeleka gerezani hadi miaka mitano. Kisha ipo Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, ambayo katika kifungu cha 25 inasema kwamba mtu mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe ajira, cheo, haki au upendeleo wowote anatenda kosa, na adhabu yake, kama sheria hiyo ilivyopitishwa, ilikuwa faini isiyozidi shilingi milioni 5 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Rushwa ya ngono, basi, ni kazi ya TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, na meneja wa kiwanda hana mamlaka ya kuifunga kwa kusaini karatasi.

Mwajiri na mfanyakazi wanaweza kusuluhisha lile la kwanza, yaani mgogoro wa kazi kati yao. Jinai si mali yao. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inasema wazi katika kifungu cha 23 kwamba makubaliano ambayo lengo lake au malipo yake ni kinyume cha sheria ni batili, na kwa hiyo kile kipengele ninachokutana nacho mara kwa mara kwenye rasimu za makubaliano, kinachosema kuwa mlalamikaji “ataondoa taarifa zote alizotoa polisi na hatatoa nyingine”, hakimlindi mwajiri hata kidogo. Kinachofanya ni kuacha ushahidi wa maandishi kwamba kampuni ilijaribu kulipa ili jinai ifichwe. Na pale tukio lilipofikia kubaka au kujaribu kubaka, naomba tuelewane kabisa: mhusika apelekwe hospitali na kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi siku hiyo hiyo, apate PF3 yake, yaani fomu ya polisi ya matibabu, na habari ya mgogoro wa kazi isubiri.

Kuna jambo jingine la kisheria ambalo waajiri hulipuuza hadi wanapokuwa wamekaa mbele ya mwamuzi. Katika madai ya ubaguzi, mfanyakazi akishaonesha kwa ushahidi wa awali kwamba alitendewa hivyo, mzigo wa kuthibitisha unamhamia mwajiri. Meneja anayejibu kwamba yeye hakuwahi kuambiwa lolote ataulizwa ni nani kazini kwake alikuwa na wajibu wa kuambiwa, kwa njia gani, na ni lini wafanyakazi walielezwa kuhusu njia hiyo. Nimeona mabango ya kunawa mikono kwa lugha nzuri na picha za rangi kwenye viwanda vyetu. Bango linaloeleza pa kupeleka malalamiko ya aina hii ni nadra, na pale lilipo mara nyingi jina lililoandikwa ni la mtu aliyekwishahama.

Sasa muda. Anayelalamikia kuachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 tangu kuachishwa kupeleka mgogoro wake CMA. Migogoro mingine, ukiwemo ubaguzi dhidi ya mtu ambaye bado yuko kazini, ina siku 60 tangu ulipotokea. Mfanyakazi aliyeandika barua ya kuacha kazi kwa sababu mwajiri aliyafanya mazingira ya kazi yasivumilike, sheria inamhesabu kuwa ameachishwa, kwa hiyo naye anabanwa na zile siku 30. Mazungumzo ya ndani hayasimamishi hesabu hiyo. Nimeona waajiri wakiyavuta mazungumzo kwa upole mkubwa, leo tunamsubiri mkurugenzi arudi kutoka Dar es Salaam, kesho mwanasheria wa kampuni anaumwa, hadi siku zikapita, na kisha wakaja CMA wakiwa wamebeba pingamizi la muda. Pingamizi hilo wana haki kisheria kuliweka, na mfanyakazi naye ana haki ya kuomba kuongezewa muda kwa kueleza sababu za msingi. Lakini mwajiri aliyefanya hivyo asije kushangaa kwamba mfanyakazi anayefuata hataki kuongea naye kabisa na anakwenda moja kwa moja kwa wakili. Kwa viongozi wa matawi ushauri wangu ni mfupi: jazeni Fomu Na. 1 ya CMA, mpelekeeni mwajiri nakala, halafu mazungumzo yaendelee. Kufungua mgogoro hakumzuii mtu kupatana, na CMA haitozi ada.

Watumishi wa umma wana njia yao inayoanzia kwenye mamlaka za nidhamu na Tume ya Utumishi wa Umma, na leo sitaingia huko.

Vijana walio kwenye majaribio wanastahili neno. Ni kweli kwamba mfanyakazi mwenye chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo huyo hawezi kudai kuachishwa isivyo halali. Wapo wasimamizi wanaolijua hilo vizuri mno, na ndio sababu binti wa mapokezi hotelini au kijana wa field kutoka chuoni huandamwa katika miezi hiyo hiyo ya mwanzo. Lakini kinga dhidi ya ubaguzi haina kipindi cha kungojea. Kifungu cha 7 kinamtaja hata mwombaji wa kazi ambaye hajaajiriwa bado. Maofisa rasilimali watu, mkimwambia mtu wa namna hiyo kwamba hana pa kwenda, mnampotosha.

Nikirudi kwenye usuluhishi wenyewe: msuluhishi wa CMA ana siku 30 za kujaribu kuzipatanisha pande mbili, isipokuwa zikubaliane kwa maandishi kumwongezea. Mfanyakazi anaweza kuwakilishwa na kiongozi wa chama chake, wakili, au mtu aliyemchagua mwenyewe. Mwajiri asipofika, shauri linaweza kuendelea bila yeye, kwa hiyo kutofika si mbinu. Msuluhishi hatoi hukumu ya nani mkosaji; kazi yake ni kuhamisha maneno kutoka upande mmoja kwenda mwingine hadi yakutane. Ninachowasihi katika mashauri haya ni kuomba vikao vya pembeni tangu asubuhi ya kwanza, kila upande katika chumba chake, na msuluhishi ndiye atembee. Nimewahi kumkuta mlalamikaji amekaa kwenye benchi la kusubiria, kiwiko kwa kiwiko na mtu anayemtuhumu, kwa sababu kampuni ilikuwa imemtuma mtuhumiwa huyo huyo kuja kuiwakilisha akiwa na barua ya utambulisho na mhuri. Siku hiyo hapakuwa na usuluhishi wowote wa maana, na kosa halikuwa la msuluhishi. Mtu anayetajwa katika malalamiko asiwe mwakilishi wa kampuni, asiwe shahidi wa saini, wala asiwe ndiye anayepitisha hundi.

Hapo ndipo tunapoingia kwenye suala la siri, ambalo ndilo nililokusudia kukaa nalo zaidi.

Kuna siri ya mazungumzo na kuna siri ya tukio, na rasimu nyingi huzichanganya kwa makusudi. Yanayosemwa mbele ya msuluhishi ni siri na hayatumiki baadaye kama ushahidi, na hilo ni jambo jema, kwa kuwa bila hivyo hakuna mwajiri ambaye angethubutu kutamka kiasi anachoweza kulipa. Lakini tukio lenyewe lilikuwepo kabla ya mazungumzo. Mfanyakazi alilijua kabla hajaingia CMA, wenzake wa zamu walilijua, na halikuwa mali ya kampuni hata kampuni iweze kulifungia kabatini.

Ulimwengu ulijifunza hilo kwa gharama kubwa. Mwaka 1998, Zelda Perkins, aliyekuwa msaidizi wa Harvey Weinstein katika ofisi ya London ya kampuni ya filamu ya Miramax, alijiuzulu pamoja na mwenzake aliyesema kwamba bosi huyo alijaribu kumbaka, jambo ambalo Weinstein amelikanusha. Wawili hao walilipwa pauni 250,000 kwa pamoja na kusaini makubaliano ya kutosema lolote. Wao, kwa kweli, walijaribu kuweka masharti ya kuwalinda wengine: bosi atibiwe na mtaalamu, na malalamiko mengine yakitokea ndani ya muda uliowekwa, kampuni mama ijulishwe. Lakini Perkins hakuruhusiwa kubaki na nakala kamili ya hati aliyoisaini, na mtu asiye na nakala hawezi kuuliza kama masharti yametimizwa. Mwaka 2017, karibu miaka 20 baadaye, aliamua kulivunja sharti la kimya hadharani, na mwaka uliofuata alieleza yote mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza. Kati ya 1998 na 2017 wanawake wengine waliendelea kuingia kwenye vyumba vile vile vya hoteli. Natumia mfano wa mbali kwa sababu mifano ya hapa karibu siruhusiwi kuitaja, jambo ambalo nalo linaeleza kitu.

Baada ya hapo sheria zilianza kubadilika. Jimbo la California nchini Marekani, tangu Januari 2019, haliruhusu makubaliano ya kumaliza shauri la namna hii yafiche maelezo ya tukio, ingawa linaruhusu kiasi cha fedha kiwe siri, na linamruhusu mlalamikaji akitaka mwenyewe jina lake lifichwe. Mwishoni mwa mwaka 2022 Marekani nzima ilipitisha sheria inayoondoa nguvu ya ahadi za kimya zilizosainiwa kabla mgogoro haujatokea, zile zinazochomekwa kwenye mkataba wa ajira siku ya kwanza. Mgawanyo wa California naupenda kwa jinsi unavyotekelezeka: fedha zinaweza kuwa siri, jina la aliyeumizwa linaweza kuwa siri akipenda, lakini kilichotendwa hakifichwi. Hakuna kinachomzuia mwajiri wa Igogo au Nyakato kuandika hati yake kwa mgawanyo huo kesho asubuhi.

Nitoe sasa mfano wa hapa ziwani, nikiwa nimebadilisha yale ambayo yangemtambulisha mhusika. Mama mmoja alikuwa mfungashaji katika kiwanda cha minofu ya sangara. Mnaofanya kazi huko mnajua kwamba mwenye nguvu kwa mfanyakazi wa meza ya minofu ni msimamizi wa zamu, kwa kuwa yeye ndiye anayepanga nani aingie mchana na nani usiku, nani apate saa za ziada, na nani asukumwe kwenye chumba cha baridi. Mkurugenzi wanamwona kwa nadra, yuko mbali. Msimamizi huyu alikuwa akimtumia ujumbe wa simu usiku. Alipokataa, alipangwa chumba cha baridi. Msimamizi akapoa kidogo, mama akarudishwa mezani. Ujumbe ukaja tena, akakataa tena, akarudishwa baridini. Ujumbe alikuwa nao kwenye simu, na hilo ni la kawaida. Kilicholibeba shauri lake ni kwamba alikuwa na mazoea ya kupiga picha ratiba ya zamu inayobandikwa karibu na chumba cha kubadilishia nguo, ili ajue siku zake za kumpeleka mtoto kliniki. Tulipozipanga zile picha sambamba na ujumbe, tarehe kwa tarehe, hata mwanasheria wa kampuni alinyamaza kidogo kisha akaomba mapumziko.

Rasimu ya kwanza iliyoletwa na mwajiri ilimtaka mama huyo ajiuzulu kwa hiari yake, akubali kwamba tuhuma hazikuwa na msingi, asimweleze mtu yeyote “akiwemo mwenza, ndugu, kiongozi wa dini au daktari”, na arudishe fedha zote akikiuka. Kwa upande wa pili fedha zilikuwa nzuri. Sitazitaja, ila zilikuwa za kutosha kumfanya kaka yake, aliyekuja siku ya pili bila kualikwa, apendekeze zipitie kwenye namba yake ya simu kwa usalama.

Hati iliyosainiwa mwishoni ilikuwa nyingine kabisa. Mama alibaki kazini, kwa sababu ndicho alichokitaka tangu mwanzo na hakuna aliyekuwa amemuuliza. Upangaji wa zamu ulitolewa kwa mtu mmoja na kuwekwa chini ya watu wawili, mmoja wao mwanamke, na ratiba ikabandikwa wiki nzima kabla. Kampuni haikukiri kosa, nami sikushikilia ikiri, maana ungamo la kulazimishwa kwenye hati ya makubaliano halimsaidii mtu, na kulipigania kungechelewesha mambo yenye faida zaidi. Sharti la siri lilibaki kwenye kiasi cha malipo peke yake. Ikaandikwa waziwazi kuwa hakuna neno katika hati linalomzuia kuzungumza na familia yake, daktari, mshauri nasaha, chama chake, afisa kazi, polisi au TAKUKURU, wala kuja kutoa ushahidi mfanyakazi mwingine atakapomhitaji. Fedha ziliingia kwenye akaunti yake ya benki kwa awamu mbili zenye tarehe, na awamu moja ikichelewa, deni lote linadaiwa papo hapo. Kaka alikasirika, lakini alisafiri.

Mtanisamehe kwa kukaa sana kwenye hati moja, ila hapo ndipo jibu la swali la fedha linapoanzia. Waajiri wengi wanahesabu vibaya, na si lazima iwe kwa nia mbaya. Mfanyakazi anayeondoka ana stahiki zake ambazo angelipwa hata kama hakuna mtu aliyemgusa: notisi, ambayo kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28, likizo aliyoilimbikiza, mishahara iliyobaki, na kwa anayestahili, kiinua mgongo cha siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka kamili wa utumishi, hadi miaka 10. Mwajiri anayezijumlisha hizo, akaweka kichwa cha habari “fidia ya udhalilishaji”, na kumwambia mfanyakazi ashukuru, hajalipa fidia hata shilingi moja. Andikeni stahiki upande wake na fidia upande wake. Katika fidia muangalie mapato aliyopoteza kwa zamu alizonyimwa na siku alizokosa kazi, gharama za matibabu na ushauri nasaha, na kisha kiasi cha kile kisichopimika kwa risiti, yaani heshima yake. Katiba yetu, ibara ya 12, inasema kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake. Msuluhishi hana jedwali la kuigeuza ibara hiyo kuwa shilingi, kwa hiyo kiasi hicho kitatokana na mazungumzo, na mazungumzo yanategemea ushahidi, muda unyanyasaji ulivyodumu, na kama uongozi uliambiwa ukanyamaza. Hilo la mwisho, kwa uzoefu wangu, ndilo linalopandisha kiasi kuliko mengine yote.

Kuhusu ndugu na wazee: najua kwamba kwetu mambo mengi huishia kwa baba mdogo au kwa mchungaji, na sipingi mtu kusindikizwa na watu wake. Ninachokipinga ni mkutano wa jioni nyumbani kwa mzee, ambapo mfanyakazi anaambiwa kwamba meneja ni mtu wa kanisani, kwamba kazi ni ngumu kupata, na kwamba asiwatie aibu, kisha asubuhi analetwa kusaini. Sheria ya Mikataba inadai ridhaa huru. Hati iliyopatikana kwa shinikizo au ushawishi usiofaa inaweza kutenguliwa, na mwajiri aliyeona njia hiyo ni ya mkato atajikuta amelipa na bado ana shauri. Mpeni muda wa kwenda nayo nyumbani na kuisoma. Iandikwe kwa Kiswahili, ambacho tangu mabadiliko ya mwaka 2021 ndiyo lugha ya mahakama zetu na mabaraza ya kutoa haki, na aondoke na nakala yake iliyosainiwa.

Makubaliano na mfanyakazi hayamalizi suala la nidhamu la mtuhumiwa. Naye ana haki ya kuelezwa tuhuma, kupewa muda wa kujiandaa, na kusikilizwa mbele ya kikao cha nidhamu kama Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinavyoelekeza, na matokeo yanaweza kuwa kwamba hakuonekana na hatia. Ninachowaomba mkiache ni ule uhamisho wa kimya. Nansio, Sengerema na Geita si mahali pa kutupia wasimamizi walioshindikana Mwanza mjini. Huko nako kuna mabinti wanaofanya kazi, na hamtawaambia mliyemtuma ni nani kwa sababu mmesaini kutosema. Na nisieleweke kwamba anayeumizwa ni mwanamke siku zote: wapo vijana wa kiume wanaodhalilishwa na mabosi wa kike na wa kiume, na wao huchekwa kwanza kabla ya kusikilizwa.

Nimalizie na vibarua, kwa kuwa viwanda vyetu vya ziwani vinawategemea wao. Asubuhi getini wanasimama watu wasio na mkataba, na anayeonesha kidole nani aingie ni mtu mmoja. Mwajiri akishtakiwa husema hawa si wafanyakazi wake. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinamdhania mtu kuwa mwajiriwa pale ambapo, miongoni mwa vigezo vingine, amemfanyia mtu mwingine kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita, au namna na saa za kazi yake zinasimamiwa na huyo mwingine, au anapewa vifaa vya kazi na huyo mwingine. Kibarua wa sangara anayevalishwa buti na koti la kiwanda, akapangiwa zamu, akalipwa kila Jumamosi, ana nafasi nzuri ya kusikilizwa CMA, na makubaliano yake yanapaswa kuandikwa kwa uzito ule ule. Mama anayenunua dagaa kwa mkopo kutoka kwa mwenye mtumbwi hana mlango huo. Mgogoro wake si wa ajira, naye anabaki na polisi na TAKUKURU, na viongozi wa BMU, kile kikundi cha usimamizi wa ufukwe, pale mwaloni wakiwa na ujasiri.

Mwenyekiti, rasimu ya hati niliyoieleza, ikiwa imeondolewa majina na kiasi, nimeikabidhi kwa katibu, na kila tawi na kila kampuni inaweza kuchukua nakala. Nipo tayari kwa maswali, na ningeomba tuanze na wawakilishi wa vibarua kabla ya maofisa.